Sukari Chini ya Unga

Kabla ya adhana ya alfajiri, hapa Kibokoni,
kabla sijatia mafuta karaini,
nafungua simu nisome theluji.

Sijaigusa. Niijuayo ni ya friza ya jirani Dhirajlal,
naikwangua kwa kisu butu kila mwisho wa mwezi,
inaniangukia miguuni
na kuwa maji kabla sijaipa jina.

Lakini Salha yuko Uswisi, muuguzi,
na akitoka zamu hupanda milima,
mbao mbili miguuni, mbali na njia zilizokaguliwa.
Kwa nini, sijui.
Utotoni ngazi ya darini aliishuka kwa makalio.

Leo daraja ya hatari ni tatu kati ya tano.
Mimi nilidhani tatu ni katikati,
kama chai iliyopoa kiasi.
Akanambia: la, mama, tatu ndiyo huzika wengi.
Tano hakuna atokaye nyumbani.
Tatu ina jua. Tatu hukukaribisha.

Taarifa yasema: miteremko inayotazama kaskazini,
juu ya mita elfu mbili na mia mbili;
upepo wa jana umebeba theluji ukailaza kisogoni mwa mlima,
ngumu juu,
na chini yake tabaka la zamani, chenga chenga,
lisiloshikana na kitu.
Nilisoma mara tatu. Maneno nikayaelewa, jambo sikulielewa.

Basi, biashara ilipokwisha nikashusha sinia,
ile ya shaba, ya arusi ya dadangu,
nikamwaga sukari, nikaitandaza kwa kiganja,
juu yake nikachunga unga, vidole vinne kwenda juu,
nikaugandamiza kwa mgongo wa upawa
hata ukalala kama shuka ya mgeni.
Nani angejua kuna sukari?

Nikainua ukingo. Kidogo. Kimya.
Kidogo tena. Kimya.
Kidogo
na ufa ukapita, ukingo hadi ukingo,
kama mtu aliyevuta uzi,
na unga, si chembe chembe, wote,
pande zima, mlango ulioachia bawaba,
ukanijia mapajani.

Nilikaa vivyo hivyo. Mweupe hadi kope.
Jasho likaanza kunichimbia mifereji usoni.
Nikakumbuka dakika kumi na tano,
alizozitaja siku moja ulimi ulipomteleza:
muda wa aliyefunikwa kungoja koleo la mwenziwe.
Dakika kumi na tano, kwangu, hata kinyunya hakijaanza kuumuka.

Akapiga baada ya Isha.
Sikumsalimu. Nikasema: Mlichimba?
"Mama, nani kakufunza kuuliza hivyo?"
Mlichimba?

Walichimba, shimo la kimo cha kifua.
Wakakata nguzo ya theluji, wakaweka koleo juu yake, wakaligonga:
mara kumi kwa kifundo cha mkono, haikutikisika,
kisha kwa kiwiko, na pigo la pili tu
nguzo ikatoka kama droo iliyopakwa nta.
Mmoja akasema tumetembea saa nne, tupite pembeni.
Mwingine akaonyesha nyayo: wa jana mbona walipita?

Na wewe?

"Mimi nilisikia mguno chini ya miguu, mama,
kama nyumba inayojiweka sawa usiku.
Tukarudi. Mmoja amenuna hadi sasa."

Na anune. Anune mpaka mvi zimtoke.

Ule unga sikuutupa; bei ya unga waijua.
Niliuchunga upya, sukari na yote,
nikatia iliki na tui, nikaukanda, nikaulaza chini ya kanga.

Asubuhi mteja wa kwanza, Mzee Shebwana wa duka la saa,
akamega, akatafuna, akanitazama:
"Bi Tima, leo sukari imezidi."
Haikuzidi, nikamjibu. Ilikuwa imekaa chini, peke yake.
Hakuelewa. Akaomba mawili zaidi.

Nikafuta kidole kwenye leso,
kina mafuta, kioo cha simu hakinisikii,
nikafuta tena.

Tatu. Na jua kutwa.